Nilisema Moyo, Wakasikia Roho

Maumivu ya moyo yalinianza mwezi uleule mume wangu alipooa mke wa pili. Kwa mwanamke wa Kariakoo wa miaka ile sijui kama kulikuwa na bahati mbaya iliyozidi hiyo. Ningeugua macho, ningeugua miguu, wangeniletea uji na kunipa pole. Mimi nikaugua moyo.

Nieleze kwanza nilivyokuwa nimejiweka mbele za watu, maana bila hilo aibu yangu haitaeleweka. Tulipanga kwenye nyumba ya Kiswahili karibu na Msimbazi, korido katikati, vyumba huku na huku, uani kwa nyuma ambako wanawake wote tulipikia na kufulia. Mume wangu alikuwa karani bandarini, mtu mpole, hanywi, hajawahi kuniinulia mkono. Mimi nilikaanga vitumbua barazani alfajiri na kuwauzia watu wanaowahi sokoni. Aliponiambia kwamba anataka kuongeza mke, kwamba dini inamruhusu na uwezo Mungu amemjaalia, nilimjibu, "Mwenyezi Mungu akutilie baraka." Nilisema kwa sauti nzuri kabisa, kama mtu aliyeombwa chumvi. Nikaenda mbali zaidi ya hapo. Siku ya harusi nilivaa, nikajifukiza udi, nikafuatana na wanawake wenzangu mpaka Magomeni kumpokea bi harusi, na kigelegele cha kwanza nikapiga mimi.

Wanawake wa uani walishika midomo. "Yule mwanamke ana kifua," walisema. Mwenye kifua kwetu ni mtu anayeweza kuweka jambo ndani lisimwagike. Walisema hivyo bombani, walisema kwenye foleni ya sukari ya duka la ushirika, na mimi nikipita nilipunguza mwendo ili nisikie vizuri. Mume wangu alininunulia khanga na kitanda kipya cha kunifuta machozi, lakini sifa ile niliipenda kuliko kitanda. Nilikuwa nimeshavuka arobaini, mke mwenzangu hajafika hata ishirini na tano, na ile sifa ndiyo peke yake niliyokuwa nayo ambayo yeye hakuwa nayo.

Basi siku moja bomba letu lilikuwa limekauka, nikaenda kuchota maji mtaa wa pili. Narudi na ndoo kichwani, nikasikia kifua kinakaza. Mwanamke aliyezaa ataelewa nikisema ilikuwa kama kufungwa mkaja, ule mshipi wa nguo wanaokufunga tumboni baada ya uzazi, ila huu umefungwa kifuani na anayeufunga hajui kuacha. Maumivu yakapanda mpaka kwenye taya. Mkono wa kushoto ukafa ganzi. Jasho likanitoka, jasho la baridi, na jua lile lote. Nikatua ndoo, nikakaa kwenye baraza ya watu nisiowajua, nikajifanya ninafunga kiatu, na mimi nilikuwa nimevaa kandambili. Baada ya muda yakapungua, nikaibeba ndoo yangu nikaenda nyumbani.

Jirani wa chumba cha mbele alikuwa uani anaparua samaki. Akaniangalia.

"Mbona umepauka hivyo?"

"Moyo unaniuma," nikasema.

Wote waliokuwa pale wakatazamana, na kisu cha jirani kikasimama juu ya samaki.

"Pole, shoga," akasema, kwa huruma ambayo ningemrushia ndoo. "Ndivyo kunavyokuwa mwanzoni. Utazoea."

"Siyo hivyo. Moyo wenyewe. Hapa."

"Ee, hapohapo. Hata mimi wangu uliniuma hapohapo."

Nilipolitoa mdomoni neno lilikuwa moyo. Lilipofika kwa muuza mkaa wa pembeni lilikuwa limeshageuka kuwa roho. Na kwetu hayo ni mambo mawili. Moyo ukikuuma una huzuni, watu watakuonea imani. Roho ikikuuma una wivu, una choyo, na watu wana ruhusa ya kukucheka. Alasiri ile nilimsikia mwanamke mmoja dirishani akimwambia mwenzake, bila hata kujihangaisha kunong'ona, "Si alijitia ana kifua? Roho inamuuma sasa." Nilikuwa ninaanika mchele. Niliendelea kuanika mchele ambao ulishaanikwa wote.

Jioni mume wangu akarudi, akavua viatu, akakaa. Habari alikuwa amezipata kwa fundi viatu kabla hata hajafika mlangoni.

"Nimesikia unaumwa moyo," akasema taratibu. "Kama kuna kitu nimekosea kwenye zamu, niambie. Mimi naogopa Mungu."

Zamu ni siku za kila mke, na yeye alizigawa sawasawa bila upendeleo wowote. Sikuwa na pa kumshika.

"Nani kasema moyo?" nikamjibu. "Ni kiungulia. Mihogo ya jana."

Nikaona uso wake umepata nafuu, na mimi nikapata nafuu pia. Kiungulia ni ugonjwa wenye heshima. Mtu anakula mihogo, anapata kiungulia, hakuna wa kusema neno.

Tangu siku hiyo nikawa mgonjwa wa kiungulia. Nilikwenda zahanati, nikapanga foleni, na nesi akaniuliza, "Maumivu yako wapi, mama?" Kwenye benchi nyuma yangu walikuwepo wanawake wa mtaani kwetu. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kifuani. Nikaushusha mpaka tumboni. Nesi akanipa vidonge vyeupe vya kutafuna, nikavitafuna wiki nenda rudi, kinywa kikawa na ladha ya chokaa na kifua kikaendelea kukaza kila nilipobeba maji, kila nilipopanda ngazi za soko jipya na kapu, kila nilipotwanga. Nikawa ninapumzika njiani na kubuni sababu ya kila pumziko. Nilisimama kuangalia viazi nisivyovitaka. Nilimsalimia mtu ambaye nilishamsalimia.

Lakini kilichonimaliza hasa si ndoo. Siku zisizo zamu yangu, baada ya magharibi, nilikuwa nakaa zangu mkekani ninachambua mchele. Sijabeba kitu, sijapanda popote. Nasikia wanaume wanarudi majumbani mwao, huyu anakohoa koridoni, yule anagonga mlango, mkewe anamwitikia. Na mkaja ule unakaza vilevile. Hapo ndipo nilipoishiwa maneno. Nilijiambia, yangekuwa maradhi yangekuja na ndoo tu, mbona yanakuja nimekaa? Kwa hiyo wamesema kweli. Ni wivu. Uko ndani yangu na unanibana, na mimi niliyepiga kigelegele ni mnafiki tu.

Sijui kama nimewahi kujichukia namna ile. Nikafunga Jumatatu na Alhamisi. Nikamwomba Mungu anitoe choyo. Mtu mwenye homa anamwambia daktari, mimi niliyeona maumivu yangu ni dhambi ningemwambia nani? Baba yangu alianguka msikitini akiwa bado ana nguvu zake, hakuinuka tena, na nyumbani tulisema siku yake imefika. Hata siku moja sikumweka yeye na mkaja wangu pamoja.

Kisha jirani yangu yule wa chumba cha mbele, baada ya kuchoka kunicheka, akageuka upande mwingine. Akanivuta jikoni, akaniambia, "Shoga, huu si wivu peke yake. Hapa kuna mkono wa mtu. Yule mtoto wa Magomeni unamjua katokea wapi?" Akataka kunipeleka Mbagala kwa mganga. Nilimkemea. Nilimwambia aache kumsingizia binti wa watu. Ila nikilala nilikuwa nikilirudia lile neno, mkono wa mtu, na kulionja. Lilikuwa tamu. Nikimwita mchawi nitakuwa sina wivu, nitakuwa nimedhulumiwa. Niliuona utamu wake, nikajifunika shuka usoni, na chumbani sikuwa na mtu.

Bi Mdogo mwenyewe, maana hivyo ndivyo tulivyomwita, na mimi nikawa Bi Mkubwa, alikuwa na adabu ya kuudhi. Ningempata na kosa moja tu ningefurahi. Jumapili moja mchana akaja kunitembelea na kapu la samaki, changu wa kutoka soko la Feri, akavua viatu mlangoni, akapiga goti.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Karibu."

Nilikuwa uani ninatwanga mchele wa vitumbua. Wanawake wote walikuwepo, na wote ghafla wakawa na kazi za kufanya karibu na kinu changu. Bi Mdogo akaweka kapu chini, akakunja khanga yake kiunoni.

"Dada, nipe mchi nikupokee."

"Kaa. Mgeni hatwangi."

"Mimi si mgeni, dada. Umechoka, unatoka jasho."

Kweli nilikuwa ninatoka jasho, na kifua kilikuwa kimeshaanza. Ningempa ule mchi yote yangekwisha. Lakini ningempaje, mbele ya macho yale, mwanamke ambaye tayari nimempa nusu ya siku zangu? Nikauinua mchi juu zaidi, nikautupa kwa nguvu zaidi, nikauinua tena. Nakumbuka niliona kinu kinaondoka upande. Kumbe ni mimi niliyekuwa ninaondoka. Nikaanguka, kinu kikaanguka, unga wa watu wa asubuhi ukamwagika wote uani.

Masikio yangu yalibaki. Hilo ndilo lililokuwa adhabu.

"Roho hiyo! Kamwona tu mwenzake, kazimia!"

"Roho gani? Angalieni huyo kaleta nini kwenye kapu!"

Waliyasema yote mawili kwa pamoja, na hakuna aliyenigusa. Aliyenigusa ni Bi Mdogo. Alipiga magoti kwenye unga, akanilegeza nguo, akaniweka kichwa mapajani mwake, na kwa mara ya kwanza nikamsikia anapaza sauti. "Huyu anaumwa! Mmesimama nini? Tafuteni gari!"

Gari lingetoka wapi? Jumapili mchana magari ya watu binafsi yalipigwa marufuku kutembea, tubane mafuta ya taifa, na teksi zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Walichokipata ni mkokoteni. Mwenye mkokoteni alitoka kushusha vitunguu, maganda yake bado yamo, nikalazwa juu ya magunia nikasukumwa kwenda hospitali kubwa. Nilipitishwa mbele ya watu niliowauzia vitumbua miaka yote. Bi Mdogo alitembea pembeni ameshika kichwa changu kisigonge mbao. Alipoona watu wanakodoa macho alivua khanga yake ya begani akanifunika uso. Alikusudia kunisitiri. Ila mwili uliolazwa na kufunikwa mpaka usoni watu wanaujua ni nini. Mazungumzo yakakatika njiani. Kwa chini ya upindo nikaona miguu ya wanaume waliosimama kwa heshima, na mmoja akaanza kunisomea dua. Nilitaka kusema mimi mzima jamani. Nikanyamaza. Niliona afadhali wadhani ni maiti, maiti haina wivu.

Daktari alikuwa kijana, na lafudhi yake ilikuwa ya mbali na pwani. Aliniuliza ninaumwa nini. Sikuwa na nguvu za kutafuta kiungulia.

"Moyo," nikasema.

"Moyo," akarudia, akaandika. Hakutazamana na mtu. Kwa mara ya kwanza tangu yaanze, mtu alikuwa amelisikia neno lile kama nilivyolisema, na machozi yakanitoka kwa jambo dogo kiasi hicho.

Akanipima presha, akapima tena. Akaniuliza wazazi wangu walikufaje, nikamwambia habari ya baba na msikiti, akainua kichwa akaniangalia vizuri. Wakati huo mume wangu alikuwa ameshafika, anahema, kanzu imemganda mgongoni. Alisimama miguuni kwangu. Bi Mdogo alikuwa kichwani kwangu na kitambaa cha kunifutia jasho.

"Maumivu haya yanakuja ukifanya nini?" daktari akauliza.

"Nikibeba maji. Nikitwanga."

"Na ukipumzika yanaondoka?"

"Yanaondoka."

"Hayaji ukiwa umekaa tu? Ukiwa na mawazo, au umekasirika?"

Nikamwona mume wangu ameinamisha macho. Kitambaa cha Bi Mdogo kikasimama kwenye paji la uso wangu.

"Hapana," nikasema.

Daktari akaweka kalamu chini. "Mama, sikuulizi kwa udaku. Kama yanakuja kwa kazi tu, nitakupa dawa, nitakwambia usibebe maji, urudi kwako. Kama yanakuja hata umekaa, moyo umechoka zaidi ya hapo, na nikikuruhusu leo unaweza usifike kesho. Niambie kweli."

Nilifikiria. Ndiyo, nakiri kwamba nililifikiria lile jambo, kufa au kusema. Niliupima mtaa mzima. Nilifikiria namna watakavyonizika, wanawake wakisema alikuwa na kifua yule, na haki ya Mungu nusura nichague mazishi. Kisha mkaja ukakaza palepale kitandani, ukakaza kuliko siku zote, nikaogopa. Sikupiga moyo konde, sikuwa jasiri. Niliogopa tu.

"Yanakuja nimekaa," nikasema.

"Lini?"

"Siku ambazo si zamu yangu."

Yule kijana hakujua zamu ni nini. Akanitazama, akamtazama mume wangu, akamtazama Bi Mdogo, na nikaona uso wake unaelewa polepole. Ningetamani sakafu inimeze. Mume wangu alitoa sauti ndogo kooni. Bi Mdogo akakikunja upya kitambaa chake.

"Basi si ugonjwa, Daktari," nikasema, maana nilitaka niseme mwenyewe kabla hawajasema wao. "Ni wivu."

"Ni ugonjwa," akasema. "Mishipa inayoulisha moyo wako imekuwa myembamba, kwa presha, na labda kwa ukoo. Ukibeba ndoo moyo unataka damu zaidi, haupati, unauma. Ukiwa na uchungu ndani, moyo unakimbia vilevile kama umebeba ndoo, mishipa nayo inabana. Na wewe umekuwa ukiyaficha maumivu, ukijikaza, hilo nalo ni ndoo nyingine. Mimi siwezi kukuambia leo ni ipi iliyokuangusha."

Akafungua kichupa, akatoa kidonge kidogo cheupe, akaniambia nifungue mdomo. "Hiki usimeze. Kiweke chini ya ulimi kiyeyuke. Kikishayeyuka ndipo utaona kifua kinaachia. Leo unalala hapa, na nyumbani utapumzika, usisumbuliwe na lolote."

Nikakiweka chini ya ulimi. Kifua kilikuwa kimebanwa mpaka kwenye taya.

Mume wangu akasogea, akanishika mguu juu ya shuka. Hakuwa mtu wa kushikana mbele za watu. "Nitakuwa kwako," akasema. "Siku zote, mpaka upone. Hakuna zamu." Kisha akamgeukia mwenzangu, bila kumtazama machoni. "Umesikia?"

"Nimesikia," akasema Bi Mdogo. Alikuwa na miezi michache tu ya ndoa. "Dada apone kwanza."

Nilipaswa kusema hapana. Nilipaswa kusema mwenzangu ana haki yake, asidhulumiwe kwa ajili yangu. Mwanamke yule wa vigelegele angesema. Nikanyamaza, na katika kunyamaza kule nikasikia mkaja unafunguka, taya likalegea, mkono ukarudi kuwa mkono, pumzi ikaingia mpaka chini. Sikuwa nimepumua hivyo tangu siku ya harusi.

"Kimeanza kufanya kazi?" daktari akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa. Nikakipapasa kidonge kwa ncha ya ulimi. Kilikuwa bado kizima, mviringo wake wote upo. Bi Mdogo alikuwa ameniinamia ananifuta jasho la shingoni, na mimi kwa ile raha ya kupumua nilikuwa nimeacha mdomo wazi. Akakiona. Alikitazama kidonge, akanitazama mimi, kisha akaendelea kunifuta.